Noti Moja Inayoimba: Mwongozo Kamili wa Kupiga Gitaa kwa Mtindo wa B.B. King

Wapiga solo wengi waliokulia kwenye rumba, benga au muziki wa dansi hukwama mahali pamoja wanapojaribu bluzi ya B.B. King, yule mpiga gitaa na mwimbaji wa Marekani. Noti wanazo, vidole vina mbio, lakini sauti inayotoka imenyooka kama waya wa kuanikia nguo. Rumba humlipa mpigaji kwa wepesi wa mkono wa kulia na mfululizo wa noti safi. B.B. King aliweka karibu kila kitu kwenye mkono wa kushoto: uzi unavutwa hadi ufikie noti nyingine, unatetemeshwa, kisha mpigaji ananyamaza.

Mwongozo huu unashughulikia mambo hayo matatu, katika ufunguo wa A. Kodi tutazigusa kidogo tu (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja; zile za TRA na KRA zina wenyewe), maana yeye mwenyewe alikuwa akikiri hadharani kwamba kodi zinamshinda.

Tukisema uzi wa 1 tunamaanisha ule mwembamba kuliko wote, ulio chini kabisa gitaa likiwa mapajani. Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zinahesabiwa kuanzia upande wa kichwa. Maelekezo ni ya anayetumia mkono wa kulia.

## Vitu vya kuandaa

Gitaa la umeme. Lolote litafaa. Yeye alipiga magitaa ya Gibson ya jamii ya ES-355, na kila moja aliliita Lucille. Urefu wa uzi unaopiga kwenye gitaa la aina hiyo ni kama inchi 24.75, wakati gitaa la Stratocaster la Fender lina inchi 25.5. Tofauti hiyo ndogo huufanya uzi wa Stratocaster uwe mgumu zaidi kuvuta, hata ukiwa na unene uleule.

Nyuzi za 10. Seti iliyotengenezwa na Gibson kwa jina lake ilikuwa na unene wa 10, 13, 17, 32, 45 na 54, kwa sehemu za elfu za inchi. Kinachokuhusu ni nyuzi tatu za chini. Ukiwa na Stratocaster na vidole bado ni laini, anza na seti ya 9.

Uzi wa 3 lazima uwe mtupu, usiozungushiwa waya. Hapa wengi huangukia pua: wamenunua seti ya gitaa kavu na kuifunga kwenye gitaa la umeme. Uzi wa 3 wa seti hiyo umeviringishwa waya, hauvutiki hadi toni nzima, na mwenye gitaa anaulaumu mkono wake.

Amplifaya yenye sauti safi. Usihangaike kutafuta ya valvu. Kwa miaka mingi B.B. King alitumia Lab Series L5, na hiyo ni ya transista.

Vitu vidogo. Pleki ngumu kiasi, programu ya tyuna na ya metronomu kwenye simu, kinasa sauti cha simu hiyohiyo, penseli, na kitambaa kikavu. Ukikaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, kitambaa ni lazima. Hewa ya chumvi hula nyuzi haraka, na uzi wenye kutu hukwaruza freti kila unapouvuta.

## Hatua ya 1: Andaa nyuzi zivumilie kuvutwa

Funga nyuzi mpya, ziweke kwenye sauti ya kawaida (E, A, D, G, B, E), kisha shika kila uzi katikati na uunyanyue polepole kama sentimita mbili, mara tano. Rudisha sauti, rudia. Endelea mpaka uzi usishuke tena baada ya kunyanyuliwa.

Uzi mpya huwa bado unajikaza kwenye mzunguko wake kule kichwani. Usipounyoosha sasa, utajinyoosha wenyewe katikati ya wimbo.

Halafu chukua penseli, upake risasi yake ndani ya mifereji ile ambamo nyuzi hupita kuingia kichwani. Uzi uliovutwa ukinasa humo haurudi mahali pake, na noti inayofuata inatoka chini kidogo ya ilivyotakiwa. Ukisikia mlio wa "tik" unapokaza uzi, ujue unanasa.

Usishushe nyuzi mno karibu na ubao. Nyuzi za chini sana ni raha kwa sebene, lakini ukizivuta kwenye freti za juu hugusa freti ya mbele na sauti inakatika ghafla. Zinyanyue kidogo kwenye daraja mpaka hali hiyo ikome.

Umefaulu ikiwa: unavuta uzi wa 2 kwa nguvu mara kumi, na tyuna bado inaonyesha B.

## Hatua ya 2: Tengeneza sauti kabla ya kupiga

Weka swichi ya pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) katikati ili zote mbili zifanye kazi. Kwenye amplifaya, besi iwe 4, sauti za kati 7, trebo 5, mwangwi 2. Geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye amplifaya, ipande mpaka noti ianze kukwaruza unapopiga kwa nguvu, lakini ibaki safi unapopiga kwa upole. Volyumu ya gitaa iweke 7, ubakize nafasi ya kupanda.

Usitumie pedali ya kukwaruza. Pedali hiyo hubana sauti ndogo na kubwa zilingane, na mtindo huu unaishi kwenye tofauti kati ya pigo la upole na pigo la ghafla. Ukizisawazisha, umeua nusu ya kazi.

Gitaa lenye tumbo wazi na matundu pembeni litavuma ukiongeza sauti. B.B. King alikuwa akijaza matambara kwenye matundu hayo, mpaka mwaka 1980 Gibson walipoanza kumtengenezea Lucille isiyo na matundu. Tambara safi bado linafanya kazi.

Umefaulu ikiwa: noti moja ya uzi wa 2 freti ya 10 inatoka nene, bila kutoboa sikio, na inabadilika kwa nguvu ya mkono wa kulia peke yake.

## Hatua ya 3: Jifunze kisanduku, usijifunze shingo nzima

Wapiga gitaa duniani wanayo sehemu ya shingo wanayoiita kisanduku cha B.B. King. Ni noti chache zilizokusanyika kuzunguka kidole cha shahada, na kwa ufunguo wa A ziko hivi:

- Uzi wa 2, freti ya 10: A. Hapa ndipo nyumbani. Kidole cha shahada hakiendi mbali na hapa.
- Uzi wa 2, freti ya 12: B. Hii utaivuta kila mara.
- Uzi wa 1, freti ya 10: D.
- Uzi wa 1, freti ya 12: E.
- Uzi wa 3, freti ya 9: E ya chini.
- Uzi wa 3, freti ya 11: F#.

Basi. Anayezoea kucheza skeli kutoka freti ya 1 hadi ya 17 atajiona amefungwa kamba. Vumilia. Kisanduku hiki kinakupa nyumbani chini ya kidole chako chenye nguvu, na noti mbili za kuvuta chini ya kidole cha pete kinachosaidiwa na wenzake. Ukitaka ufunguo mwingine, hamisha kila kitu: kwa C, kidole cha shahada kiende freti ya 13, kwa G, freti ya 8.

Umefaulu ikiwa: unaigusa kila noti kwa jina bila kutazama vidole.

## Hatua ya 4: Vuta uzi mpaka ufike, si mpaka uchoke

Weka kidole cha pete kwenye uzi wa 2 freti ya 12. Cha kati kiwe nyuma yake freti ya 11, cha shahada freti ya 10, vyote juu ya uzi huohuo. Dole gumba lipande juu ya shingo na kuibana. Sasa sukuma uzi kuelekea usoni mwako kwa kuzungusha kifundo cha mkono, kama unayegeuza kitasa cha mlango. Vidole vyenyewe havikunjuki, vinabebwa tu na mkono.

Ukivuta kwa kidole kimoja utaishia nusu njia, na baada ya wiki kano za kidole zitakuuma. Vidole vitatu vinagawana mzigo.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Piga uzi wa 2 freti ya 14. Hiyo ni C#. Iimbe kwa mdomo.
2. Rudi freti ya 12, piga, vuta mpaka sauti ilingane na uliyoimba. Huo ni mvuto wa toni nzima.
3. Shikilia pale juu kwa mapigo manne. Tazama tyuna: C#, sindano katikati.
4. Rudia na freti ya 13 kuwa shabaha. Hiyo ni C, mvuto wa nusu toni.

Kuna na mvuto wa tatu, mdogo kuliko nusu toni: uzi unakunjwa kidogo tu, noti ikae kati ya B na C. Tyuna haitakusaidia hapo. Ni ule ugumu kidogo wa sauti unaousikia mwimbaji anapolalamika.

Kosa linalojirudia ni kuvuta na kuishia chini kidogo ya C#. Mpigaji hajisikii, maana akili inasikia ilichokusudia. Wasikilizaji hawana huruma hiyo. Ndiyo maana tunaimba kwanza, na ndiyo maana simu inarekodi.

Dakika kumi kwa siku zinatosha mwezi wa kwanza. Ngozi ya kidole ikichomeka ni kawaida. Maumivu ya kiwiko au ya mkono wa mbele si kawaida, weka gitaa chini.

Umefaulu ikiwa: unavuta mara kumi mfululizo ukiwa umefumba macho, na tyuna inakubali angalau nane.

## Hatua ya 5: Mtetemo, mahali ambapo wengi hukata tamaa

B.B. King alikuwa na ndugu yake, Bukka White, aliyepiga bluzi kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi. Riley, kama B.B. King alivyoitwa nyumbani, aliipenda sauti ile lakini chuma hakikumkubali. Akaanza kutikisa kidole ili uzi ulie vile. Ukijua hivyo unaelewa shabaha: noti isikike kana kwamba inateleza papo hapo ilipo.

Anza na kidole cha shahada kwenye uzi wa 2 freti ya 10.

1. Bonyeza uzi kwa ncha ya kidole, piga.
2. Ondoa dole gumba kwenye shingo. Ondoa na kiganja. Gitaa liguswe na ncha ya kidole kimoja tu upande huo. Gitaa likiyumba, libane kwa mkono wa kulia dhidi ya mwili.
3. Zungusha mkono wa mbele kwenda na kurudi, haraka na kwa mwendo mdogo, kama mtu anayekaza balbu na kuilegeza. Vidole vingine vitatu viachie vipepee. Ukimtazama B.B. King kwenye video utaona mkono wake ukipepea kama bawa la kipepeo, na kweli ndivyo wapigaji wanavyouita mtetemo huo.
4. Uzi uende upande mdogo tu, urudi katikati, uende tena.

Namba 2 hapo juu ndiyo inayokataliwa. Mkono uliozoea kubana shingo unajihisi utaanguka. Lakini dole gumba likibaki, mzunguko unavunjikia kwenye kifundo na kinachotikisika ni kidole peke yake. Mtetemo wa kidole peke yake ni mwembamba, hauna mpangilio, na unasikika kama mbu.

Jambo la kusikiliza: uzi uliobonyezwa, ukiusukuma upande wowote, unakaza na sauti yake inapanda. Haushuki chini ya A. Kwa hiyo mtetemo mzuri unatoka A kwenda juu kidogo na kurudi A kamili kila mara. Ukirudi nusu njia tu, noti nzima inasikika imepanda, na utadhani gitaa limeharibika.

Kuupata mpangilio, weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Tikisa mara mbili kwa kila pigo, kwa dakika mbili. Kisha tatu. Kisha nne. Ukiweza nne bila kukakamaa, achana na metronomu na uuache mkono uende kwa kasi yake. Lenga mara tano hadi sita kwa sekunde. Kupanda ngazi bila kukamilisha ya chini kunazaa mtetemo wa woga, ule unaoanza kwa kasi na kufa kabla ya noti kufa.

Baada ya hapo jaribu kwa kidole cha pete kwenye freti ya 12. Mwishoni kabisa, jaribu kutetemesha noti *iliyokwisha kuvutwa*: vuta hadi C#, kisha legeza na kurudisha. Hapo dole gumba linabaki juu ya shingo na uzi unashuka chini ya C# na kurejea. Ni kazi nyingine kabisa, ipe mwezi wake.

Umefaulu ikiwa: kwenye rekodi ya simu, noti ya A inadumu sekunde tatu, mawimbi yake yanalingana, na ukiisikiliza bila kujua ungesema kuna mtu anaimba.

## Hatua ya 6: Zima nyuzi zisizoitwa

Ukiachia shingo na kupaza sauti, nyuzi nyingine huvuma zenyewe. Upande wa kiganja cha kulia ukae juu ya nyuzi za 4, 5 na 6. Ncha ya kidole cha shahada cha kushoto iguse kidogo uzi wa 3 unapobonyeza wa 2. Piga kuelekea chini, pigo moja noti moja. Ule mchezo wa pleki wa juu na chini unaobeba sebene uweke pembeni kwa leo.

## Hatua ya 7: Jua kodi iliyo chini ya noti yako

Bluzi ya vipimo 12 (kipimo kimoja ni mapigo manne) katika A inakwenda hivi: vipimo vinne vya A7, viwili vya D7, viwili vya A7, kimoja cha E7, kimoja cha D7, kimoja cha A7, na cha mwisho E7 ya kurudisha wimbo mwanzo.

Noti zilezile za kisanduku zinabadilika maana kodi inapobadilika, na mvuto wa uzi unabadilika nazo:

- Juu ya A7: vuta B hadi C#. Ndiyo noti inayoifanya A iwe na furaha.
- Juu ya D7: vuta B hadi C tu, nusu toni. Ukienda mpaka C# utagombana na kodi. F# ya uzi wa 3 inakaa vizuri sana hapa.
- Juu ya E7: tulia kwenye E ya uzi wa 1 au B bila kuivuta.

Kosa la vipimo vya 5 na 6 ndilo linalomtambulisha mgeni: anavuta toni nzima kwa mazoea, bendi imehamia D, yeye amebaki A.

Tahadhari moja. Wimbo wake maarufu kuliko wote, "The Thrill Is Gone", uko katika B ndogo (B minor), ufunguo wa huzuni. Ukiupelekea mvuto huu wa furaha utauharibu. Kwa nyimbo za aina hiyo, juu ya kodi ya nyumbani mvuto wa nusu toni ndio unaotawala.

## Hatua ya 8: Imba, nyamaza, gitaa lijibu

B.B. King hakuwa akiimba na kupiga kwa wakati mmoja. Akiimba, mikono inapumzika. Akimaliza mstari, Lucille anajibu. Anayejua taarabu haoni kitu kigeni hapo, maana fidla hufanya vilevile mwimbaji anapovuta pumzi.

Mashairi ya bluzi yana mistari mitatu, wa pili ukirudia wa kwanza. Kwa vipimo 12, mgawanyo ni huu: imba vipimo viwili, gitaa viwili, mara tatu. Tafuta ala za kusindikiza za bluzi ya taratibu katika A, mapigo kama 65 kwa dakika, kila pigo likigawanyika mara tatu. Mzunguko mmoja utachukua takriban sekunde 44. Imba chochote, hata orodha ya sokoni. Kinachotakiwa ni pumzi yako.

Kisha jibu kwa misemo hii:

Vipimo vya 3 na 4 (A7). Uzi wa 3 freti ya 9, teleza hadi ya 11, halafu uzi wa 2 freti ya 10. Noti hiyo ya mwisho itetemeshe mpaka ife. Noti tatu tu, usiongeze.

Vipimo vya 7 na 8 (A7). Uzi wa 1 freti ya 12, piga kwa nguvu. Uzi wa 2 freti ya 12, vuta hadi C#, shikilia pigo zima, iachie taratibu hadi B, malizia A ya freti ya 10.

Vipimo vya 11 na 12 (A7, kisha E7). Piga A kwa upole kabisa, nyamaza, kisha kwenye E7 gusa uzi wa 2 freti ya 12 mara mbili na uache.

Msemo wa pili uanze baada ya pigo la kwanza la kipimo, usianze juu yake. Mtu akijibiwa huwa anasubiri nukta moja kabla ya kusema. Anayeingia juu ya pigo kila mara anasikika kama mtu anayemkatiza mwenzake.

Umefaulu ikiwa: ukihesabu noti zote za gitaa kwenye mzunguko mzima hazifiki kumi na tano, na hujisikii umepungukiwa.

## Hatua ya 9: Sikiliza kwa kipande, usisikilize kwa albamu

Chukua albamu yake "Live at the Regal", iliyorekodiwa Chicago tarehe 21 Novemba 1964. Usiipige kwenye spika ukifagia nyumba. Chagua jibu moja la gitaa, sekunde tano tu, lirudie mpaka uweze kuliimba. Ukiliimba ndipo ushike gitaa. Kulitafuta kwa vidole kabla ya sikio kulikamata kutakupa noti sahihi zenye mtetemo wako wa zamani.

Kwa macho, tafuta video za Kinshasa, Septemba 1974, alipopiga kwenye tamasha la Zaire 74 katika mji ambao magitaa yake ndiyo yaliyotufundisha wengi wetu. Zima sauti mara ya kwanza. Tazama dole gumba la kushoto tu: lini linapanda juu ya shingo, lini linaachia. Likipanda, uzi unavutwa. Likiachia, unatetemeshwa. Washa sauti, tazama tena kipande hichohicho, kisha weka simu mbele yako, jirekodi ukipiga vipimo vya 3 na 4, na ulitazame la kwako.